Mayai ya Kuoka Bila Oveni

  Leo nataka kuwaeleza jambo la jikoni, na wavulana pia wasikilize, kwa sababu tumbo halichagui.

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hapa kwetu Kuresoi, barabara hugeuka tope na gari la maziwa hukwama. Maziwa ya jioni hulala nyumbani. Yale yanayobaki baada ya kutengeneza mursik hupewa ndama au humwagwa. Mayai nayo hukaa tu kikapuni yakimngoja mchuuzi. Lakini watoto wa boma hilo hilo wanakula ugali na sukuma wiki pekee! Si huku ni kukaa kando ya mto na kunawa kwa mate?

Dawa yake ni mayai ya kuoka na mboga na jibini. Watu husema ati jibini ni chakula cha hoteli kubwa, na ati bila oveni hakuna kuoka. Yote mawili si kweli.

Tuanze na jibini, ile ambayo wengi huiita chizi. Chukua lita 1 ya maziwa ambayo hayajaganda, uyachemshe mpaka yapande, kisha uepue. Mimina vijiko 3 vikubwa vya maji ya limau au siki, ukikoroga polepole. Ukali wa limau hufanya protini ya maziwa ishikane, na utaona mabonge meupe yakijitenga na maji. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, halafu uweke kitu kizito juu kwa nusu saa. Yale maji usimwage, yapikie uji. Jibini hii haikai sana, iliwe siku hiyo hiyo au kesho yake.

Pili ni mboga. Utahitaji viazi 3, kitunguu 1, karoti 1 na majani 5 ya sukuma wiki. Katakata viazi vidogo vidogo uvichemshe mpaka viive kabisa. Hapa kwetu uvumilivu unatakiwa. Sehemu nyingi za Kuresoi zimepita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi badala ya 100. Ndiyo maana viazi vyetu huchelewa kuiva kuliko vya Mombasa! Kaanga zile mboga nyingine mpaka maji yake yakauke. Ukiziweka na maji yake, chakula kitakuwa rojorojo.

Tatu, piga mayai 6 na nusu kikombe cha maziwa na chumvi kidogo. Paka sufuria nzito mafuta, panga viazi na mboga, nyunyiza jibini iliyovunjwavunjwa, kisha umimine mayai juu.

Sasa tuoke. Oveni ni nini? Ni moto wa juu na moto wa chini, basi. Watu wa pwani wanajua jambo hili tangu zamani, maana mkate wa kumimina huokwa kwa makaa juu na chini. Nawe funika sufuria kwa kifuniko bapa kisicho na plastiki. Acha makaa machache chini, na mengi uyapange juu ya kifuniko. Usizidishe moto wa chini, kwani ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi, na moto mkali utaunguza chini kabla ya juu kuiva. Haraka haraka haina baraka. Baada ya dakika 25 chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, chakula ki tayari, watu sita watakula.

Nawaonya jambo moja. Baridi ya kwetu huwafanya watu waingize jiko la makaa chumbani wafunge madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Pikia nje au mahali penye hewa, na ukimaliza uyazime. Makaa yaliyozimwa hutumika tena, na misitu yetu ya Mau itapumua kidogo.

Waitalia wana mayai yao waitayo frittata, nao Wahispania huchanganya mayai na viazi wakaita tortilla. Wao hujivunia chakula hicho. Sisi tuna viazi, mayai, maziwa na mboga shambani, tukingoja nini? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mvua ijayo, gari lisipofika, maziwa yasimwagwe. Watoto nyumbani wale washibe.