Nchi Jirani: Kenya na Mzigo wa Pensheni

Askari anapovaa sare kwa mara ya kwanza hafikirii siku atakayoivua. Lakini siku hiyo huja, na serikali iliyomwajiri huwa imeahidi kumtunza uzeeni. Jirani zetu wa Kenya wamelazimika kujiuliza: ahadi hiyo italipwa kwa fedha zipi?

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, mtumishi wa serikali ya Kenya hakukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni yake mwenyewe. Wastaafu walilipwa moja kwa moja kutoka Hazina, yaani kwa kodi za mwaka ule ule. Hapakuwa na akiba iliyowekwa kando. Utaratibu huo haukuleta taabu wakati wastaafu walipokuwa wachache.

Ni kweli kwamba Kenya ni taifa la vijana. Katika sensa ya mwaka 2019, kati ya watu milioni 47.6, waliotimiza miaka 60 au zaidi walikuwa kama milioni 2.7 tu. Lakini utumishi wa umma unaweza kuzeeka kabla ya taifa lenyewe. Walimu, makarani na askari walioajiriwa kwa wingi katika miongo ya kwanza ya Uhuru walifikia umri wa kustaafu karibu kwa pamoja. Mwaka 2009 serikali iliongeza umri huo kutoka miaka 55 hadi 60. Hatua hiyo iliahirisha wimbi kwa miaka mitano, haikulizuia. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 malipo ya wastaafu yalikuwa yamepita shilingi za Kenya bilioni 100 kwa mwaka.

Sheria ya kuanzisha mfuko wa kuchangia ilipitishwa mwaka 2012, lakini utekelezaji ulianza tarehe 1 Januari, 2021. Mfuko huo unawahusu watumishi wa kawaida, walimu na polisi. Waliokuwa na umri chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Walikatwa asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 tangu mwaka wa tatu. Serikali huchangia asilimia 15.

Hapo ndipo penye ugumu. Wastaafu wa utaratibu wa zamani bado wanadai haki yao, na wakati huo huo Hazina inapaswa kuwachangia walio kazini. Kizazi kimoja cha walipa kodi kinabeba mizigo miwili. Kila mwaka wa kuchelewa uliongeza uzito wake.

Sisi Watanzania hatuna sababu ya kuwacheka. Hapa nchini pia, watumishi walioajiriwa kabla ya mwaka 1999, wakati hakuna michango, waliuachia mfuko wao deni lililobaki mabegani mwa serikali kwa miaka mingi.

Ndugu wasikilizaji, pensheni si sadaka. Ni sehemu ya ujira ambayo mtumishi ameiacha mikononi mwa taifa lake. Kwa hiyo mchango wa mfanyakazi ukatwe, wa mwajiri ufikishwe kwa wakati, na fedha hizo zisiguswe kwa haja nyingine. Akiba haiozi, lakini sharti iwekwe kwanza.