James Bond Kwa Boksi Moja: Mbona Kila Mara Kuna Muvi Inakosa?

Kama ulikuwa mdogo enzi za DVD, lazima unakumbuka zile diski za soo zilikuwa zinauzwa tao kando ya barabara. Moja ilikuwa imeandikwa juu ati iko na Bond zote, muvi ishirini kwa diski moja. Buda wangu aliileta keja Jumamosi moja. Mimi na brathe tukakaa chini tukingoja mambo. Sean Connery akatokea na uso umejaa viboksi viboksi, huwezi jua kama anacheka ama ameumwa na jino. Muvi ya saba ikakwama katikati, na ya kumi na mbili kumbe ilikuwa ya karate, Bond hayuko hata kwa mlango.

Miaka mingi baadaye ndio nilijua shida ilikuwa hesabu tu. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawa hiyo kwa muvi ishirini, kila moja inapata kama MB 235. Ni kama kulaza watu ishirini kwa bedsita moja. Blu-ray nayo inabeba GB 25 mpaka 50, na diski ya 4K inafika hadi 100. Ndio maana boksi orijino huwa zito, juu kila muvi inapewa diski yake.

Bond ni ngapi kwani?

Kampuni ya Eon imetoa muvi 25, kuanzia Dr. No ya 1962 mpaka No Time to Die ya 2021. Connery ako na 6, George Lazenby 1, Roger Moore 7, Timothy Dalton 2, Pierce Brosnan 4, na Daniel Craig 5. Jumlisha mwenyewe, inafika.

Sasa shida ya boksi inaanzia hapo. Boksi inafungwa leo, Bond anarudi sinema kesho. Mwaka wa 2006 kulitoka DVD za Ultimate Edition, muvi 20 zikiwa zimegawanywa mafungu manne. Hizo zilikuwa kali juu kampuni ya Lowry Digital ilichukua negativu za zamani, ikaziskani kwa 4K, ikatoa vumbi na mikwaruzo. Lakini mwaka huo huo Craig akaingia na Casino Royale, na wasee wa kununua boksi wakabaki nyuma.

2012 Bond akagonga miaka 50, wakatoa Bond 50 kwa Blu-ray, muvi 22. Hapo walikuwa wajanja. Skyfall ilikuwa inaingia sinema mwaka huo, kwa hivyo wakaacha nafasi tupu ndani ya boksi uje uiweke mwenyewe. Yaani umelipia boksi na bado uko na deni. Halafu zikaja za muvi 23, zikaja za 24. Unaona vile inaenda.

Kuna mbili huwezi pata ndani

Hata ukipata boksi ya juzi kabisa, kuna muvi mbili za Bond zenye kawaida haziwekwangi. Ya kwanza ni Casino Royale ya 1967, ile ya vichekesho ya David Niven na Peter Sellers. Ya pili ni Never Say Never Again ya 1983, na hii iko na stori.

Ian Fleming, mwenye kuandika Bond, alikuwa ameandika skripti na Kevin McClory na Jack Whittingham. Haikutengenezwa, so Fleming akaichukua akaigeuza kitabu, Thunderball. McClory akampeleka kotini, na 1963 akatoka na haki za kufanya muvi ya hiyo stori. Miaka ishirini baadaye akaitumia tena, akarudisha Connery kama Bond, mwaka ule ule Moore alikuwa na Octopussy. Bond wawili sinema mwaka mmoja! Vita vya haki viliisha 2013, wakati McClory alikuwa ashakufa. Siku hizi MGM iko na hizo muvi zote mbili, lakini juu hazikutengenezwa na Eon, bado zinalala nje ya boksi.

Si kila mtu anastream tu?

Poa, stream. Lakini jua hiyo ni kukodisha. Amazon ilinunua MGM 2022, na Februari 2025 ikachukua usukani wa Bond kutoka kwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson. Oktoba mwaka huo mafans wakacheki Prime Video wakapata bunduki zimefutwa kwa picha za kutangaza hizo muvi. Mkono wa Bond umebaki hewani kama mtu anangoja matatu. Kelele zikapigwa, picha zikabadilishwa tena. Muvi zenyewe hazikuguswa, lakini ujumbe ulifika: kitu kikiwa kwa seva ya mtu, yeye ndiye anaamua utaona nini na mpaka lini.

Diski haibadilishwi usiku ukilala. Mwaka wa 1991 Criterion ilitoa leza diski za Bond tatu za kwanza zikiwa na sauti za watengenezaji wakiongea bila kujichunga. Eon haikupendezwa, zikatolewa sokoni. Lakini wenye walikuwa washanunua, walibaki nazo, na mpaka leo zinasakwa.

Kabla utoe doo

Cheki vitu viwili. Kwanza, ukanda. DVD za Kenya ni ukanda wa 5, Uingereza 2, Marekani 1. Kwa Blu-ray, sisi na Uingereza tuko pamoja kwa B, Marekani ni A. Hivyo boksi ya Marekani inaeza kataa kabisa kwa mashine yako. Diski za 4K hazina ukanda.

Pili, mashine. PS4 inacheza Blu-ray, lakini si 4K. Hiyo inataka PS5 yenye iko na mdomo wa diski. Na kwa 4K, boksi zimetoka kidogo kidogo: za Craig nne za kwanza 2019, za Connery sita 2025.

Ushauri wangu? Usikimbizane na boksi ya "zote", juu Bond mwingine anakuja na utaachwa tena. Chagua Bond mmoja. Connery hawezi ongeza muvi, hivyo boksi yake ikiwa na sita, imeisha. Mimi nilianza na yeye. Brathe alikuja tukaiweka, akanyamaza kama dakika tano, halafu akasema, "Kumbe huyu jamaa ako na uso."