Mboga na matunda: Ukweli ni upi?

Na Daktari Wetu, Voi

NI ushauri ambao kila msomaji ameusikia: kula mboga na matunda kwa wingi upate afya njema. Mwalimu huusema darasani, muuguzi huusema kliniki, na siku hizi hata muuza sharubati aliye karibu na steji ya matatu mjini Voi huwaambia wateja kwamba glasi yake huondoa presha, kisukari na saratani kwa pamoja.

Ushauri unaorudiwa na kila mtu huwa na hatari mbili. Wako wanaouchoka na kuupuuza, na wako wanaouamini kupita kiasi. Kundi hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Huja kliniki watu waliotupa vidonge vyao vya presha kwa kuwa waliambiwa bitiruti na tangawizi zinatosha. Baadhi yao huletwa na jamaa zao wakiwa tayari wamepooza upande mmoja wa mwili.

Basi ukweli ni upi? Je, kula mboga na matunda zaidi huboresha afya kweli, au ni porojo tu? Jibu la utafiti ni hili: kwa mambo fulani faida ni kubwa na ya hakika, kwa mengine ni ndogo, na kwa mengine haipo kabisa. Inafaa kila mmoja wetu ajue lipi ni lipi.

Machungwa ya Mombasa

Faida ya kwanza iliyojulikana ya matunda ina historia yake hapa hapa Pwani. Meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa Aprili 1498, mabaharia wengi walikuwa wameugua kiseyeye, maradhi ya kuvimba ufizi na kutokwa na damu yaletwayo na ukosefu wa vitamini C. Sultani wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapona, lakini mwandishi wa safari hiyo aliandika kwamba kilichowaponya ni hewa nzuri ya mji.

Walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, kiseyeye kiliwaua watu 30 baharini. Januari 1499 walifika Malindi na jambo moja wagonjwa walilolitamani sana lilikuwa machungwa. Waliletewa, lakini wengi walikufa hata hivyo. Tunda linaweza kuzuia ugonjwa na hata kuutibu mapema, lakini mtu aliyezidiwa huwa amechelewa.

Ilichukua karibu miaka 250 kabla ya daktari wa jeshi la maji la Uingereza, James Lind, kulifanyia jambo hili jaribio. Mwaka 1747 aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila wawili wakipewa tiba yao. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote.

Kwa hiyo, kuhusu maradhi ya upungufu hakuna ubishi. Mboga za majani za rangi ya kijani kibichi iliyokolea, pamoja na karoti, maembe na mapapai, humpa mwili malighafi ya vitamini A inayolinda macho na kuimarisha kinga. Mchicha, mnavu na majani ya kunde yana foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji. Kipande cha chungwa au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia.

Presha iliyotufuata mjini

Swali gumu zaidi ni kuhusu maradhi ya watu wazima: presha, kiharusi, moyo, kisukari na saratani. Hapa pia Kenya ina ushahidi wake.

Mwaka 1929 daktari aliyeitwa C. P. Donnison alichapisha vipimo vya shinikizo la damu alivyovichukua kwa wanaume wapatao 1,000 katika eneo la Kisii. Aliona jambo la ajabu: presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa kwa Wazungu.

Miongo sita baadaye, mwaka 1990, ulichapishwa utafiti mwingine uliowafuata Waluo waliohama kutoka mashambani, kaskazini mwa Ziwa Victoria, kwenda kuishi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Uzito wao uliongezeka, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi ilikuwa nyingi mno ikilinganishwa na potasiamu.

Potasiamu ni madini yaliyomo kwa wingi katika mboga, matunda na maharagwe. Husaidia figo kutoa chumvi mwilini na kulegeza mishipa ya damu. Aliyeacha shamba lenye kunde, mchicha na ndizi akaenda kuishi kwa chipsi, mkate na vyakula vya pakiti hupata hasara mara mbili: chumvi inazidi na potasiamu inapungua.

Majaribio yanasema nini

Kuwatazama watu tu hakutoshi. Mara nyingi anayekula matunda kila siku ana pesa, havuti sigara na huenda hospitali mapema. Huenda kinachomlinda si tunda. Ndiyo maana majaribio yenye kulinganisha makundi ni muhimu.

Jaribio mashuhuri lilichapishwa Marekani mwaka 1997. Watu wazima 459, zaidi ya nusu wakiwa Wamarekani weusi, walipewa chakula chao chote kwa majuma manane. Chumvi haikupunguzwa na uzito wao haukuachwa ubadilike. Kwa waliokuwa na presha, kuongeza mboga na matunda pekee kuliishusha namba ya juu kwa takriban 7. Waliopewa pia maziwa yasiyo na mafuta mengi na mafuta kidogo kwa jumla walishuka kwa takriban 11. Hiyo inakaribia kazi ya kidonge kimoja cha presha.

Mwaka 2017 ulitolewa utafiti wa watu zaidi ya 135,000 katika nchi 18, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Waliokula mafungu matatu hadi manne kwa siku ya matunda, mboga na jamii ya maharagwe, yaani gramu 375 hadi 500, walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa takriban asilimia 22 kuliko wale ambao hawakufikisha hata fungu moja. Jambo la kutia moyo ni kwamba kupita hapo faida haikuongezeka sana. Si lazima mtu ale kama mbuzi.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Nchini Marekani, wanawake karibu 49,000 waliingizwa katika jaribio ambalo baadhi yao walifundishwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006, baada ya takriban miaka minane, hayakuonyesha tofauti ya maana katika maradhi ya moyo, kiharusi wala saratani ya matiti. Kuhusu saratani kwa jumla, utafiti wa nchi 10 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kinga ndogo sana. Anayekuambia kwamba juisi inatibu saratani anakudanganya, na kila wiki unayopoteza kwake ni wiki ambayo uvimbe unakua.

Vidonge si mbadala

Je, si rahisi kununua vitamini dukani? Wataalamu walilijaribu hilo pia. Nchini Finland, wanaume zaidi ya 29,000 waliovuta sigara walipewa vidonge, vikiwemo vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na maembe. Mwaka 1994 ilidhihirika kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio kama hilo Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ileile.

Embe lina nyuzinyuzi, maji, potasiamu na mamia ya vitu vingine, na linachukua nafasi tumboni ambayo ingejazwa na mandazi. Kidonge hakifanyi hivyo. Hata hivyo, mama mjamzito asiache vidonge vya chuma na foleti, wala mtoto asikose matone ya vitamini A anayopewa kliniki. Hivyo ni vya upungufu unaojulikana na vina faida iliyothibitishwa.

Mboga zinapita, sahani tupu

Kaunti ya Taita Taveta ina mambo mawili kinyume. Milimani, kutoka Wundanyi hadi Werugha na Mgange, kunalimwa kabeji, nyanya, sukuma wiki na mishiri. Taveta, inayonyweshwa na chemchemi kama Njoro Kubwa na maji ya Mto Lumi, ni ghala la ndizi, maembe, nyanya na vitunguu. Lakini Voi, Maungu na Kasigau ni nchi kame, zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, na mkulima wa tambarare hulala macho akilinda shamba lake dhidi ya ndovu.

Kila wiki malori yanashusha mazao hayo kuelekea Mombasa na Nairobi. Mkulima huuza ndizi, kisha hununua sukari, unga wa ngano na mafuta ya kukaangia. Simlaumu, karo hailipwi kwa mchicha. Lakini matokeo yake tunayaona. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya wazima hawakufikisha mafungu matano ya mboga na matunda kwa siku. Katika uchunguzi huo huo, karibu mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa.

Kiasi gani, na kwa njia gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Fungu moja ni ndizi mbivu moja ya wastani, kipande cha papai, au vijiko vitatu vikubwa vilivyojaa vya mboga iliyopikwa. Viazi, muhogo na ndizi za kupika havihesabiwi kwa kuwa ni wanga. Kwa hiyo kimanga ni chakula kizuri, hasa kikiwa na maharagwe, lakini kiandamane na mboga.

Si lazima ununue tofaa la kutoka ng'ambo. Mchunga, mnavu, mchicha na majani ya kunde vinafaa sawasawa, na huota kwa mvua kidogo au kwenye gunia la udongo nyuma ya nyumba, likinyweshwa maji yaliyosuzia vyombo. Nunua tunda la msimu, wakati ambapo bei yake iko chini.

Namna ya kupika nayo ina uzito. Osha mboga kabla ya kuikata, kwa maji safi, kwani kipindupindu na homa ya matumbo hupitia humo. Usiichemshe mpaka ikawa nyeusi, na usimwage mchuzi wake bila sababu, maana potasiamu na foleti huenda na maji. Ukilazimika kumwaga maji ya mchunga kwa ajili ya uchungu, ule na tunda. Epuka magadi, yanaongeza sodiamu na kuharibu vitamini C. Tia mafuta kidogo, si ya kuogelea, ili vitamini A ifyonzwe. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha katika viungo vya pakiti.

Kula tunda lenyewe badala ya kunywa sharubati. Ukikamua machungwa manne unapata sukari ya yote manne na kuacha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Mwenye kisukari anaweza kula matunda, kipande kwa kipande, lakini glasi ya sharubati itampandishia sukari upesi.

Watakaotahadhari

Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza, kwani potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani. Ale kiwango kilekile kila siku.

Na mwenye presha, hili ni lako. Mboga zako zikifanya kazi, kipimo kitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dawa, taratibu. Usijipunguzie mwenyewe kwa kuwa unajisikia vizuri. Presha haiumi mpaka siku inapovunja kitu.

Anza leo na fungu moja zaidi ya ulilozoea: kunde kwenye ugali wa mchana, ndizi mbivu badala ya andazi la saa nne. Wiki ijayo ongeza la pili. Kisha pita katika kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe presha, hata kama huumwi.