Kazi ikibadilika, uvumi usichukue nafasi ya shefu



Ukurasa huu husema mara nyingi juu ya kofia ya kazi, miwani na vumbi. Leo tunasema juu ya hatari isiyoonekana kwa macho: kampuni inabadilika, na watu hawajui kesho itakuwaje.

Sisi wa Likasi tunaijua hatari hiyo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya shimo la Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Nyumba nyingi zinakumbuka: kazi ilipokwenda, hospitali na shule za kampuni zilikwenda nayo.

Mwili unapatwaje? Mwenye hofu halali vizuri. Asiyelala anachelewa kuona na kusikia. Karibu na asidi au tanuru, kuchelewa kidogo kunatosha kumuunguza mtu. Presha ya damu inapanda. Wengine wanatafuta usingizi katika lutuku. Asubuhi wanaamka wamechoka zaidi, na mikono inatetemeka.

Shefu wa ekipi afanye hivi:

1. Aseme mapema anayoyajua, na aseme wazi yale yasiyoamuliwa bado. Akiahidi kurudi Ijumaa na habari, arudi Ijumaa, hata kama hana jipya.

2. Ekipi za mbali, kama za Kambove au Kakanda, zisikie neno lile lile siku ile ile, kwa simu au kwa foni, kabla halijafika sokoni. Aliye mbali hujiona wa kwanza kusahauliwa. Kisha shefu aende mwenyewe, aketi nao, asikilize.

3. Mashine au posti ikibadilika, watu wafundishwe kwanza. Mtu asiachwe peke yake kwenye kazi asiyoijua.

4. Kabla ya kuanza kazi, atazame nyuso. Mwenye macho mazito asipande juu, asishike mashine. Aulizwe polepole, kando, si mbele ya wenzake.

Nawe mfanyakazi, ukisikia neno njiani, muulize shefu kabla ya kulipeleka mbele.

Nyumbani, baba, usimfiche mama habari ya mshahara. Mkijua wote wawili, mtapanga unga na ada ya shule pamoja. Mama, ukiona mume halali kwa majuma mawili, hali chakula, amekuwa mkali kwa watoto, mlete dispansere. Akisema afadhali afe, mlete siku hiyo hiyo, usimwache peke yake. Si aibu, wala si ulozi. Ni ugonjwa, nao unatibiwa.