Gari la Kaunti: Safari Yake Huandikwa Wapi?

Gari lenye nambari inayoanza na 03CG ni la Kaunti ya Kilifi. 03 ni nambari ya kaunti yetu. Nairobi hutumia 47CG. Magari ya GK ni ya Serikali Kuu, nayo hayako chini yetu.

Kila gari la kaunti hubeba tikiti ya kazi. Kabla ya kuondoka, dereva huandika tarehe, aendako, sababu ya safari na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, na afisa anayeidhinisha hutia sahihi. Akirudi, kilomita huandikwa tena. Wakaguzi huanzia hapo: hulinganisha kilomita na lita zilizotiwa. Tikiti ikionyesha kilomita 60 na mafuta ya kilomita 300, kuna swali la kujibiwa. Na mafuta ni mwanzo tu. Kuna bima, magurudumu, matengenezo na posho ya dereva akilala nje. Gari la idara ya afya likienda harusini, mafuta yake hutoka fungu lile lile linalotegemewa na ambulensi.

Si kila gari la kaunti lililo barabarani usiku lina kosa, kwani ambulensi na zimamoto hazina Jumapili. Ukiwa na shaka, andika nambari, mahali na saa. Unaweza pia kuomba rekodi za safari kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Huhitaji kueleza unazitakia nini.