Asiyeona anaweza kazi, tatizo ni mlango wa kuingilia

KWA muda mrefu mji wa Thika umejulikana kwa mananasi na viwanda. Lakini kwa familia nyingi zenye watoto wasioona, jina la mji huo lina maana nyingine: ni mahali ambapo mtoto aliyedhaniwa kuwa mzigo hujifunza kusoma, kuandika na hatimaye kujitegemea.

Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, nayo ndiyo iliyotangulia nyingine za aina hiyo nchini. Baadaye ilipata shule ya upili ambayo hupokea wanafunzi kutoka pembe zote za Kenya na kuwaandaa kwa mitihani ya kitaifa sawa na wenzao wanaoona.

Miongoni mwa waliosomea huko ni mwimbaji wa nyimbo za Injili, Reuben Kigame, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitatu. Alianzia katika Shule ya Wasioona ya Kibos, Kisumu, akaendelea Thika, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho kando ya barabara kuu inayotoka Thika kupitia Ruiru kuelekea Nairobi.

Mbali na kuimba na kundi lake la Sifa Voices, Kigame ameandika vitabu na kujitosa katika utangazaji. Mwaka wa 2022 alitaka kuwania urais, na tume ya uchaguzi (IEBC) ilipokataa kumwidhinisha, alienda mahakamani kudai haki yake.

Si ajabu, basi, kwamba watu humsifu kama mtu wa kipekee. Hata hivyo, ufanisi wa aina hiyo si muujiza. Una misingi yake, na wa kwanza ni kusoma na kuandika.

Maandishi ya breli, yaliyobuniwa na kijana Mfaransa asiyeona, Louis Braille, mnamo 1824, hutumia nukta sita zinazoguswa kwa ncha za vidole. Mipangilio 63 ya nukta hizo hutosha kuandika herufi, tarakimu, alama za hisabati na hata muziki.

Ugumu ni gharama na ukubwa. Kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa kuwa breli hujaza majuzuu kadhaa mazito. Ndiyo maana Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, ni muhimu. Unaruhusu vitabu kutolewa katika breli au sauti kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki.

Msingi wa pili ni kompyuta. Zipo programu zinazosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini, na mtumiaji huandika kwa kibodi ya kawaida bila kugusa kipanya. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran, raia wa Australia ambaye mwenyewe haoni. Programu hiyo hutolewa bila malipo.

Kwa njia hiyo, wakili asiyeona husoma hukumu, mwalimu huandaa maswali na mwanahabari huhariri taarifa bila kungoja mtu wa kumsomea.

Msingi wa tatu ni msaada wa binadamu mwenzake. Henry Wanyoike, mzaliwa wa Kikuyu katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, alipofuka mwaka wa 1995 baada ya kupatwa na kiharusi akiwa kijana. Alipata mafunzo ya ufumaji katika chuo cha wasioona cha Machakos, na huko akarejelea mbio.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Sydney mwaka wa 2000, alishinda dhahabu ya mita 5,000 licha ya mwelekezi wake kuishiwa na nguvu kabla ya utepe. Miaka minne baadaye mjini Athens, alinyakua dhahabu mbili, za mita 5,000 na mita 10,000. Miguu ilikuwa yake, lakini bila mwelekezi asingeruhusiwa hata kusimama kwenye mstari wa kuanzia.

Kinachobaki ni mlango wa ajira, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa miongo kadhaa, asiyeona aliyesoma alitarajiwa kuwa mwalimu au opereta wa simu ofisini. Mitambo ya kujiendesha na simu za mkononi zilipoingia, nafasi nyingi za opereta zilitoweka.

Lakini kazi ya kuzungumza kwa simu haikufa, ilihama tu. Mjini Ruiru, ambako idadi ya watu iliongezeka takriban maradufu kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019 hadi zaidi ya 490,000, kituo kikubwa cha kuhudumia wateja kwa simu kilifunguliwa katika eneo la Tatu City mwaka wa 2024. Kazi kama hiyo huhitaji sikio makini, ulimi fasaha na kompyuta. Asiyeona aliyefunzwa anaweza kuwa na vyote vitatu.

Sheria nayo iko upande wake. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataka asilimia tano ya nyadhifa za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa zitengewe walemavu hatua kwa hatua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inaelekeza mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga asilimia tano ya nafasi zake.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumwita mtu kwenye mahojiano. Tangazo la kazi likitolewa kama picha, programu ya sauti huenda isiweze kulisoma. Mtihani ukiwa wa karatasi pekee, anayetumia breli amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Leseni ya udereva ikiwa sharti hata kwa kazi ya mezani, anafungiwa nje bila sababu.

Kurekebisha mambo haya hakugharimu mwajiri fedha nyingi. Tangazo liandikwe kwa maandishi ya kawaida, mtihani utolewe kwa kompyuta, na mtahiniwa aulizwe mapema anahitaji nini.

Wazazi nao wana wajibu wao. Mtoto mwenye matatizo ya kuona apelekwe mapema hospitalini na kwenye kituo cha kutathmini mahitaji ya kielimu (EARC), kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Anayefichwa nyumbani hadi utineja huanza breli akiwa amechelewa, na pengo hilo humfuata hadi siku ya kutafuta kazi.