KISU CHA WEMBE WA KUVUNJA: CHA BEI RAHISI LAKINI CHATAKA HADHARI

Mkulima, hebu hesabu vitu ulivyovifungua shambani mwako juma lililopita. Gunia la mbolea la kilo 50, pakiti ya mbegu, katoni ya vifaranga, nyasi kavu zilizofungwa kwa kamba ya plastiki. Wazee walioingia katika skimu kuanzia mwaka wa 1962 walikuwa na panga na jembe, na magunia yao yalikuwa ya katani au juti. Panga liliwatosha. Siku hizi karibu kila kitu chafika shambani kikiwa ndani ya plastiki, na plastiki haipendi panga: huvutika, huteleza, na mara nyingi panga huishia mkononi mwa yule aliyeshika upande wa pili.

Kwa kazi hizi kuna kisu kidogo cha mpini wa plastiki chenye wembe mrefu unaosukumwa kwa kidole gumba. Wembe huo una mistari ya mshazari, na ncha ikiwa butu unaivunja kwenye mstari, kisha ncha mpya yatokea. Kilibuniwa Japani mwaka wa 1956 na Bwana Yoshio Okada wa mji wa Osaka, aliyekuwa akifanya kazi ya uchapaji. Aliona nyembe zikitupwa hali ni ncha tu iliyoisha makali. Akakumbuka chokoleti inayovunjika kwa mistari yake, tena mafundi wa viatu waliokata ngozi kwa vigae vya kioo na kuvivunja upya vilipokuwa butu. Ndipo akapata shauri lake.

Kisu hiki hupatikana hata katika maduka madogo ya sokoni, kwa bei iliyo chini ya nusu kilo ya nyama. Lakini visivyofaa ni vingi kuliko vinavyofaa, kwa hiyo usilipe kabla ya kukijaribu. Tazama ndani ya mpini: yafaa wembe upite katika njia ya bati, si katika plastiki tupu. Halafu toa kipande kimoja cha wembe, ukaze kizuizi chake, na uibonyeze ncha polepole juu ya ubao. Wembe ukirudi ndani, au ukichezacheza kushoto na kulia, mrudishie mwenye duka. Kisu kinachorudi nyuma unapokitegemea ndicho kinachokata vidole.

Kuna vya wembe mwembamba wa milimita 9 na vya wembe mpana wa milimita 18. Mkulima na anunue ule mpana. Wembe mwembamba ni wa karatasi na kazi za kitalu. Ikiwa una kazi ya kukata mpira mzito wa maji, wavu wa kivuli au karatasi ya kutandika bwawa, kuna namna nyingine yenye mpini wa chuma na wembe mfupi mnene usiovunjwa, ambao hugeuzwa upande wa pili kwa kulegeza skrubu. Hicho ni ghali kidogo, lakini kina nguvu zaidi.

Sasa tuseme juu ya gunia la mbolea. Wengi huchoma kisu katikati ya gunia na kupasua. Hiyo ni hasara, maana gunia zima lingekufaa kwa viazi au makaa. Gunia limeshonwa kwa mshono wa mnyororo, na mshono huo hufumuka wote kwa kuvutwa, lakini kutoka mwisho mmoja tu. Kata nyuzi karibu na pembe ya gunia, kisha uvute. Zikikataa, nenda kwenye pembe ya pili. Ukiuzoea mkono, gunia lafunguka upesi kuliko kulipasua, na kisu kimekata nyuzi mbili tu.

Mifuko ya kuhifadhi mahindi isiyopitisha hewa yataka uangalifu zaidi. Ndani yake mna mifuko ya plastiki, na kazi yake ni kuwanyima hewa fukusi na dumuzi mpaka wafe. Tundu dogo la ncha ya kisu laweza kuwapa hewa ya kutosha, na wewe hutajua mpaka utakapofungua na kukuta unga. Kwa hiyo usilete kisu karibu na mfuko huo hata kidogo. Funga kwa kamba unayoweza kuifungua kwa vidole.

Tena kisu hiki si cha kuchunia ngozi. Ncha yake kali hutoboa, na ngozi yenye matundu haina bei. Wala si cha kukatia waya, kubandua mfuniko wa kopo, au kukatia majani ya ng'ombe. Wembe ni mwembamba sana. Ukipindwa hukatika, na kipande chake chaweza kuruka hata machoni.

Unapokata, toa kipande kimoja au viwili tu vya wembe. Mkono wa kushikia uwe nyuma ya wembe, usiwe mbele yake, na uvute kwa upande usio na goti lako. Twataja goti kwa sababu watu wengi hukata mpira wa maji wakiwa wameuweka juu ya paja. Weka ubao chini. Usitumie nguvu, ukiona yahitajika nguvu, jua kwamba ncha imekuwa butu, na huu ndio wakati wa kuivunja.

Kuvunja kuna njia yake. Mistari iliyochorwa kwenye wembe na iwe upande wako. Toa kipande kimoja tu, ukaze kizuizi, shika ncha kwa koleo, uipinde kuelekea upande wa pili, mbali na uso wako. Usivunje kwa vidole. Na kile kipande kilichovunjika kisidondoke chini.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa, na tungependa ulisome mara mbili. Ng'ombe hachagui anachokula kama mbuzi; hukusanya kwa ulimi na kumeza. Kipande cha wembe kilichoanguka katika nyasi kavu, au katika majani yanayofungiwa plastiki ili yachachuke, kitaingia naye tumboni. Chuma huwa kizito, kwa hiyo hutua katika lile tumbo lenye vyumba kama sega la nyuki, ambalo liko karibu sana na moyo. Kila tumbo hilo linapojikunja, chuma chaweza kusukumwa mbele, kikatoboa ukuta wake na hata kufika kwenye ngozi inayouzunguka moyo. Utaona ng'ombe aliyekuwa mzima jana leo hataki kula, maziwa yamepungua ghafula, mgongo umepinda juu, viwiko vya mbele vimetanuka, naye huguna na huogopa kuteremka mlima. Usimnyweshe dawa za kubahatisha. Mwite daktari wa mifugo mapema, maana akiitwa mapema aweza kumpa sumaku ya kumeza ili ikishike chuma mahali pake, au kumpasua. Chuma kikiisha kuufikia moyo, mara nyingi hakuna la kufanya. Kamba za plastiki ulizozikata zitoe pia, nazo humziba tumbo.

Kwa hiyo tafuta kopo la bati lenye mfuniko, ulitoboe tundu jembamba juu, na ulitundike pale pale unapofungulia magunia na nyasi. Kila kipande kiingie humo. Kopo likijaa, libonde kwa nyundo mpaka tundu lifungike, kisha ulitupe katika choo cha shimo. Lisiende kwenye boma, wala kwenye shimo la mbolea.

Kwa wenye vitalu vya parachichi, wembe huu hutoa mkato safi wa kupandikizia, na ncha mpya hupatikana kila asubuhi. Tofauti ni kwamba umenolewa pande mbili, na kisu halisi cha kupandikizia hunolewa upande mmoja, ndiyo maana mkato wake hunyooka zaidi. Kwa miche michache haidhuru. Mwenye kuuza miche mia kwa mia anunue kisu chenyewe.

Ukikata migomba au mbegu za viazi, kumbuka kwamba ugonjwa wa kunyauka husafiri juu ya makali. Panga waweza kulipitisha motoni, lakini wembe huu usiuchome, kwani moto huulegeza chuma chake. Uoshe matope kwanza, kisha uuchovye katika Jik, kopo moja kwa makopo matano ya maji, kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine. Jik hula chuma, basi jioni usuuze kwa maji, ukaushe na kupaka mafuta kidogo. Mbegu za viazi ni afadhali zipandwe nzima.

Ukijikata, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kioshe kwa maji na sabuni, na uende zahanati uulize sindano ya pepopunda. Udongo na samadi hukaa na vijidudu vya ugonjwa huo, hata kama kidonda chaonekana kidogo. Watoto nao hupenda kisu hiki kwa kuchongea penseli. Rudisha wembe wote ndani ya mpini, ukaze kizuizi, na ukitundike juu ya kopo lile la bati, mahali ambapo mtoto hafiki.